Siku tano Berlin na mama yangu, watoto watatu na yuro 900

Mama yangu alikuja kututembelea Hannover kiangazi cha 2025, na kabla hata hajafungua begi alishasema anachotaka. Hakutaka maduka, hakutaka minara, alisema tu "mwanangu mimi nipelekeni nikamwone yule mjusi wetu, nikirudi Lindi nikiulizwa niwe na la kusema". Kwa asiyejua, mjusi anayemsema mama ni yule dinosaria aliyechimbwa Tendaguru, huko kwetu Lindi, enzi za Mjerumani, na mifupa yake imesimamishwa kwenye jumba la makumbusho Berlin mpaka leo hii. Mimi nina miaka tisa hapa Ujerumani na nilikuwa sijawahi kumwona, Berlin nimefika mara mbili kwa mambo ya karatasi za ubalozi nikageuza siku hiyohiyo. Basi nikasema haya, tunakwenda wote, mimi, baba watoto, mama na watoto watatu, wa miaka 11, wa 8 na wa 4. Hela iliyokuwepo ni yuro 900 na hamna nyingine, viza ya mama ilishatukamua (ada tu yuro 90, bado bima ya safari, bado ile barua ya dhamana ya kusema tutamlisha na kumlaza).

Naandika kwa sababu wifi yangu naye anataka kwenda na wa kwake na kila siku ananipigia kuniuliza kitu kimoja kimoja, nimeona bora niyamwage yote hapa, na wengine mnufaike.

Nianze na nauli. Mimi na baba watoto tunayo Deutschlandticket, ile tiketi ya mwezi ambayo 2025 ilikuwa yuro 58, inakupandisha mabasi na treni za mikoa nchi nzima ila sio treni za kasi. Kwa hiyo akili yangu ya kwanza ikawa twende na treni za mikoa, sisi wawili hatulipi kitu, tutamlipia mama basi. Usiku watoto wamelala nikakaa na simu na karatasi nikahesabu. Hannover mpaka Braunschweig, shuka, panda ya Magdeburg, shuka, panda RE1 mpaka Berlin, masaa manne kama hakuna iliyochelewa, na mama ana goti, na mdogo ana miaka 4, na mabegi, na sufuria. Halafu hiyo tiketi yetu haibebi watoto, aliye chini ya miaka 6 ndo anapanda bure, hawa wakubwa wawili kila mmoja lazima akatiwe ya kwake, hicho nilikuwa sikijui kabisa nilidhani mtoto ni mtoto. Kumbe kwenye ICE, yaani treni yenyewe ya kasi ambayo tunaiogopa kwa bei, mtoto mpaka miaka 14 akisafiri na mtu mzima halipi, unachotakiwa ni kumwingiza kwenye tiketi wakati unanunua, sio ukishalipa ndo unakumbuka. Mtu mzima naye akiwahi anapata kuanzia yuro 17.99. Sisi hatukuwahi sana tukapata 23 kwa kichwa, watu wazima watatu kwenda na kurudi 138, bila kubadilisha treni, na chini ya saa mbili umefika. Yaani ile njia ya "bure" ilikuwa inatugharimu karibu sawa na hii na ingetuua kwa uchovu. Tangu siku hiyo siamini neno rahisi mpaka nimejumlisha vichwa vyote sita.

Ila kiti cha uhakika kinalipiwa pembeni, yuro 5.50 kila mtu, nikaruka nikasema tutapata. Jumamosi ya likizo ya shule! Treni imejaa mpaka mlangoni, kijana mmoja akanyanyuka akampisha mama, Mungu ambariki, lakini baba watoto na binti mkubwa walikaa sakafuni karibu na choo safari nzima. Wakati wa kurudi nilimlipia mama kiti chake, sikujiuliza mara mbili.

Sasa kulala. Hapa ndo nadhani nilifanya jambo la akili kuliko yote na nitalieleza taratibu. Watu wengi wakitafuta chumba wanaangalia kipo karibu na katikati ya mji au la, mimi niliandika kwanza sehemu tunazotaka kufika, halafu nikachukua ramani ya treni za chini ya ardhi nikatafuta mstari upi unazigusa nyingi. Ukawa ni U6. Huu unatoka kaskazini unakwenda kusini, una kituo kinaitwa Naturkundemuseum, hapo ndo kwa mjusi, una Friedrichstraße, una Unter den Linden ambapo unatembea kidogo tu upo lango la Brandenburg, una Kochstraße ya Checkpoint Charlie, kile kizuizi cha mpakani cha zamani, halafu ukishuka nao kusini una Paradestraße ambapo ukitoka tu unauona uwanja wa ndege wa zamani wa Tempelhof. Kwa hiyo nikatafuta kitanda kokote kule bora kiwe kwenye U6, nikapata hosteli mtaa wa Wedding, chumba cha watu sita, kina jiko la pamoja chini, siku nne yuro 500 pamoja na kodi ya mji. Hiyo kodi iangalieni, kuanzia Januari 2025 Berlin wameipandisha kutoka asilimia 5 kwenda 7.5, na kuna sehemu bei unayoiona mwanzo haijaihesabu. Mtu mwenye goti bovu na mtoto wa miaka 4 hawawezi kubadilishabadilisha treni, ngazi zinawamaliza, mkishachoka mnaanza kununua vitu, juisi hapa, soda pale, teksi, hela inatokea miguuni kabla haijatoka mfukoni. Mstari mmoja ulituokoa.

Wedding yenyewe ni mtaa wa watu wa kawaida, Waturuki wengi, Waarabu, Waafrika, Müllerstraße yote maduka ya matunda na nyama halali na saluni za kusuka, mama siku ya kwanza akasema "mbona hapa pamechangamka kuliko kwenu". Alipata mpaka bamia.

Bajeti nzima ilikuwa hivi: nauli 138, chumba 500, tiketi za ndani ya mji 95, chakula 120, viingilio na mengine 47. Chakula 120 kwa watu sita siku tano wifi aliguna, lakini nilibeba unga, mchele, mafuta kwenye chupa ndogo, viungo, maharage niliyochemsha nikayagandisha, na chapati 30 nilizopika usiku wa Ijumaa nikazifunga kwenye foili. Asubuhi chai na chapati, mchana mikate ya kubeba, jioni tunapika. Mara moja tu tulikula nje wote, döner, ile mikate ya nyama ya Kituruki, ambayo siku hizi Berlin ni yuro kama 7, si zile za kusikia za 3. Maji ya bomba ya kule ni mazuri unakunywa bila wasiwasi, kila mtu alikuwa na chupa yake. Na chupa za plastiki msitupe, nyingi ukirudisha dukani unapewa senti 25 kila moja, mwanangu wa 8 aliifanya kazi yake hiyo, mpaka tunaondoka alikuwa na yuro 4 za halali kabisa.

Kitu ambacho sikukihesabu ni vyoo. Choo cha stesheni kinalipiwa, cha mtaani nacho mara nyingi kinalipiwa, senti 50, hata yuro nzima, na ukiwa na mtoto wa miaka 4 na mama mwenye sukari hiyo sio mara moja kwa siku. Wekeni bajeti ya choo, nasema kwa moyo mmoja.

Halafu Jumapili maduka yamefungwa Ujerumani yote, hilo tunaloishi huku tunalijua, ila ukiwa safarini unalisahau. Tulifika Jumamosi jioni, tukajisahau kununua maziwa na mayai, Jumapili ikabidi baba watoto aende mpaka stesheni kuu kwa sababu maduka ya ndani ya stesheni ndo yanaruhusiwa kufungua, na foleni yake sasa.

Jumapili hiyo nayo ina habari yake. Nilichagua tarehe zetu makusudi ziangukie Jumapili ya kwanza ya mwezi, kwa sababu rafiki alinitumia zamani kuwa Jumapili ya kwanza makumbusho mengi ya Berlin yanaingiwa bure. Ni kweli yalikuwa bure, ule mpango ulianza 2021, lakini ulifutwa mwisho wa 2024 kwa sababu serikali ya mji ilikata matumizi. Nimeshalipia chumba ndo naligundua. Niliumia sana kwa sababu ingekuwa wiki nyingine chumba kingeshuka bei kidogo. Taarifa za safari zinaoza kama samaki, muangalie imeandikwa lini kabla ya kulipa hata senti. Bahati ni kwamba makumbusho ya taifa pale kwenye kisiwa cha makumbusho mtoto chini ya miaka 18 haingii kwa hela siku yoyote, hiyo bado ipo, ila sisi hatukwenda huko, nitasema kwa nini.

Sasa nieleze lililotuuma zaidi.

Jumamosi tumeshuka stesheni kuu, tunaelekea hosteli. Mimi na baba watoto tuna tiketi zetu za mwezi kwenye simu. Mama na watoto wawili nikawanunulia za karatasi kwenye mashine, nikampa mama ya kwake mkononi akaishika vizuri kabisa. Tukaingia U5, tukateremka Unter den Linden tuhamie U6. Humo ndani ya U6 wakanyanyuka watu wawili waliovaa kiraia kabisa, jinzi na begi mgongoni, kumbe wakaguzi. Tiketi ya mama imenunuliwa, ipo mkononi, lakini haijagongwa mhuri. Kule Berlin tiketi ya karatasi lazima uiingize kwenye kile kisanduku kidogo pale jukwaani ikapigwe saa, bila hivyo ni karatasi tu. Mimi nilijua! Nimeshawahi kuja. Ila nilikuwa nahesabu mabegi na watoto nikapitiliza. Nikaeleza, nikaomba, nikaonyesha kwamba imenunuliwa dakika kumi nyuma, yule bwana hakuwa mkali lakini akasema sheria ni hiyohiyo kwa wote. Watoto aliwasamehe, mama akaandikiwa yuro 60.

Yuro 60. Na mama tiketi ya mwezi ningemkatia kwa 58, angezunguka nayo Berlin siku zote na hata Hannover mwezi mzima. Sikumkatia kwa sababu ile ni ya kujiandikisha, inajirudia kila mwezi mpaka uisimamishe, na unatakiwa usimamishe kabla ya tarehe 10 ndo ikome mwisho wa mwezi huo, nikaona usumbufu. Nikaogopa usumbufu wa dakika tano.

Lakini hela sio iliyoniuma. Mama hakuelewa Kijerumani, aliona tu watu wamesimama, wanamwandika, abiria wanaangalia. Akadhani ameiba. Tulipofika chumbani akakaa kitandani kimya, watoto wanamsemesha hajibu, halafu akafungua pindo la khanga akatoa noti za shilingi alizofunga tangu Lindi, akaniuliza "ni shingapi kwa hela yetu?" Nikamwambia mama acha. Akasema "niambie". Ni kama laki moja na sabini na kitu. Akahesabu zilizopo hazifiki, akazifunga tena. Nililia bafuni. Mimi nimemleta mama yangu atembee na siku ya kwanza nimemdhalilisha mbele za watu kwa sababu sikumweleza jambo dogo. Jioni ile nikakaa naye nikamwonyesha tiketi, nikamwambia kosa ni langu, hapa hamna mlango wa kuzuia mtu kwenye treni, wanakuamini uingie, ndo maana ukikosea wanakukamata hivi. Akauliza maswali mengi sana. Akaelewa. Kuanzia kesho yake mama ndo alikuwa msimamizi wa mhuri, anachukua tiketi yake na za wajukuu anaziingiza mwenyewe, anasikiliza mpaka ilie, anazikagua, halafu anasema "twendeni". Kwa hiyo mkienda na mzee muelezeni mji unavyofanya kazi kabla hamjatoka nyumbani, msimshike mkono tu kama mzigo.

Jumapili tukapanda basi namba 100. Hii kila mtu anaijua na kila mtu anaisifia na ni kweli, ni basi la kawaida la abiria, tiketi ileile, lakini linatoka Zoo mpaka Alexanderplatz na linapita Tiergarten, mnara wa ushindi, ikulu ya rais, Bunge, na Unter den Linden yote. Tulisubiri moja lenye ghorofa tukapanda juu mbele. Mama hakupanda ngazi za basi, akakaa chini dirishani na mdogo, na mume wake (mwanangu wa kiume, bibi anamwita mume wangu) akawa anashuka kila kituo kumsimulia kinachoonekana juu. Mabasi ya watalii ya kushuka na kupanda tuliyaona, sikuuliza hata bei.

Watoto walitaka ule mnara wa televisheni, una urefu wa mita 368 unauona kila unapogeuka, lakini kuupanda watu sita bajeti ya viingilio yote ingeishia mlangoni. Badala yake nilikuwa nimeshaandikisha kwenye paa la Bunge, Reichstag, pale kwenye kuba la kioo. Ni bure kabisa. Mnajiandikisha onlaini mapema, jina na tarehe ya kuzaliwa ya kila mmoja hata mtoto, mnachagua saa, mkifika mnaonyesha pasi, mnakaguliwa kama uwanja wa ndege, mnapandishwa kwa lifti. Mimi niliandikisha wiki tano kabla na tayari saa nzuri nyingi zilikuwa zimejaa. Ndani ya kuba hamna ngazi, ni njia ya mteremko inazunguka taratibu mpaka juu, mama alipanda yote kwa goti lake hilo, anasimama, anaangalia, anapanda. Chini kwenye kioo unaona ukumbi wa wabunge. Akasema "kwa hiyo wananchi wanatembea juu ya vichwa vya wabunge". Nikamwambia ndo walivyokusudia.

Jumatatu makumbusho ya mjusi yanafungwa, kumbukeni hilo, Jumatatu msipange. Asubuhi tukaenda Bernauer Straße palipobaki kipande cha ule ukuta uliogawa Berlin mashariki na magharibi, pale pia bure. Niliogopa watoto watachoka na historia lakini palikuwa na nyasi, upepo, nguzo za chuma zinazoonyesha ukuta ulipopita, na wa miaka 8 akataka kujua kila kitu. Ukuta ulijengwa 1961 ukaanguka 1989, na mtaa ule nyumba zilikuwa upande mmoja na njia ya mbele ya mlango iko upande mwingine, watu wakaruka madirishani. Mama akauliza "sasa ndugu walikuwa wanaonana vipi". Nikamwambia wengi hawakuonana miaka. Akafikiri, akasema sisi huku kusini Ruvuma imetukata, Wamakonde huku na Wamakonde kule Msumbiji, lakini mtumbwi ulikuwepo, mtu akifiwa anavuka. Akakaa kwenye benchi pale muda mrefu na hatukumharakisha.

Mchana tukashuka na U6 yetu mpaka Tempelhof. Huu ulikuwa uwanja wa ndege, ukafungwa 2008, mwaka 2010 ukafunguliwa kuwa bustani ya watu wote, na njia za kurukia ndege bado zipo watu wanapanda baiskeli humo. Hakuna kiingilio, hakuna kiduka cha kumliza mtoto kila hatua mbili, ni uwazi tu mpaka macho yanachoka. Tulitandika khanga tukala wali maharage wa kwenye kontena. Watoto walikimbia masaa matatu. Pembeni yake kule Columbiadamm kuna msikiti wa Kituruki wa Şehitlik, mweupe, una minara miwili, mimi na mama tukaenda tukaswali adhuhuri, ndani kuna dari imepambwa kwa rangi ya bluu na dhahabu sijawahi kuona, na mama siku hiyo alikuwa na uso tofauti kabisa. Ukiniuliza siku gani ilikuwa ya bei ndogo kuliko zote ni hii, na watoto mpaka leo ndo wanaitaja.

Jumanne ndo siku yenyewe. Kulikuwa na mjadala chumbani usiku wake, binti mkubwa anataka kisiwa cha makumbusho aone vitu vya Misri, na alikuwa na haki kwa sababu yeye angeingia bure. Nikamwambia mama amekuja kwa ajili ya kitu kimoja, leo siku nzima ni ya bibi, hatuingizi kingine katikati. Nafurahi nilikataa. Ningekubali tungemwona mjusi kwa dakika 20 halafu tukakimbia.

Unaingia tu, ukumbi wa kwanza, yupo. Urefu wake kwenda juu ni mita 13.27, hamna mifupa ya dinosaria iliyosimamishwa duniani iliyo mirefu kwenda juu kuliko hiyo. Tulikuwa tumefika wanapofungua kwa hiyo watu bado wachache. Mama alisimama miguuni kwake, hata gotini hamfikii, akainua shingo mpaka mtandio ukaanguka. Hakusema kitu. Halafu akasogea kwenye maandishi, Kijerumani hajui na Kiingereza hajui, lakini akaweka kidole hewani akasoma kwa sauti, "Te-nda-gu-ru. Tendaguru! Si nimewaambia?" Akawaita wajukuu mmoja mmoja waje wasome.

Nilikuwa nimejisomea kabla ili niwe na la kuwaeleza, na hili nashauri kila mzazi, kiingilio umelipa lakini atakayewasimulia watoto kwa lugha yao ni wewe. Nikawaambia walichimba kuanzia 1909 mpaka 1913, wazungu wachache na watu wetu mamia kwa mamia, na msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa anaitwa Boheti bin Amrani, na kuna dinosaria wa Tendaguru amepewa jina la kitaalamu kwa heshima yake, Australodocus bohetii, jina hilo lilitolewa 2007. Na mwingine anaitwa Wamweracaudia, kwa ajili ya Wamwera. Mama yangu ni Mmwera. Akanifanya nirudie mara tatu. "Mjusi anaitwa Mmwera?" Nikamwambia ndiyo mama, kwenye vitabu vya wanasayansi.

Halafu nikamwambia mifupa iliyotoka ni zaidi ya tani 200, na hakukuwa na reli wala gari, zilibebwa kichwani na mabegani mpaka bandarini Lindi, mwendo wa siku nne. Hapo mama akageuka akamwangalia tena yule mnyama mfupa kwa mfupa, paja, mbavu, shingo, kama mtu anayekadiria mzigo. Yeye ile njia anaijua, anajua jua lake. Akasema "siku nne, na hili paja, na njaa ya vita ndo kwanza imepita". Maana vita ya Maji Maji, ya wazee wetu na Mjerumani, ilikuwa 1905 mpaka 1907, wamechomewa mashamba, miaka miwili baadaye wanabeba mifupa. Mimi hesabu hiyo ya miaka nilikuwa sijaiweka pamoja kichwani. Mama ndo aliiweka.

Tulikaa mle masaa manne. Mama akachoka tukampa benchi la palepale ukumbini, akawa anaangalia watu wanaoingia wanavyoshangaa, na kila mtoto wa Kizungu aliyefungua mdomo mama anatabasamu kama mwenye nyumba.

Mchana tukala chapati za mwisho nje, tukapanda U6 hiyohiyo kurudi kaskazini, ila tukapitiliza hosteli tukashuka Rehberge. Kuna mtaa kule unaitwa mtaa wa Kiafrika, barabara zake zina majina ya makoloni na sehemu za kwetu, Sansibarstraße, Tangastraße, Usambarastraße, Ugandastraße. Ilikuwepo moja ikiitwa Petersallee, ya yule Carl Peters, Mjerumani aliyetuletea ukoloni, ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu, na watu waliipigania miaka mingi mpaka Agosti 2024 jina likatolewa, ikagawanywa mara mbili, upande mmoja ni Anna-Mungunda-Allee, jina la shujaa wa kike wa Namibia, na upande mwingine ni Maji-Maji-Allee. Hapo hamna kiingilio, hamna foleni, hamna mtalii, ni barabara ya watu wanaishi, miti, magari yameegeshwa, bibi mmoja wa Kijerumani anatembeza mbwa. Tukasimama chini ya kibao.

Wa miaka 8 akauliza "bibi, maji ya nini?" Mama akatafuta pa kukaa, akakaa kwenye ukuta mfupi wa nyumba ya watu, akamvuta mdogo mapajani, akaanza kuwasimulia habari za Kinjikitile na maji ya Ngarambe, kwa Kiswahili chake cha Lindi, na binti yangu wa miaka 11 ambaye nyumbani nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kijerumani alikuwa anauliza kwa Kiswahili, kibovu, lakini Kiswahili. Baba watoto akanigusa bega. Tukasogea pembeni tukawaacha.

Tulirudi Hannover Jumatano tumetumia 974. Zile 74 za juu ni faini, kiti cha mama, na vyoo.

Wifi, tiketi za ICE za mwezi ujao anza kuangalia leo usiku, na Reichstag uandikishe kabla hata hujanunua tiketi. Sufuria kubwa usibebe, pale hosteli ipo.